Stima Ikirudi, Sumaku Haiharakishwi

Stima ikipotea Kileleshwa, jenereta za maghorofa ya Othaya Road na Mandera Road huunguruma papo hapo. Wakazi huchomoa friji na televisheni, kwani wanajua umeme unaorudi kwa kishindo ndio unaounguza vyombo. Kilomita chache kutoka hapo, mtaani Parklands, Hospitali ya Aga Khan ina saiklotroni, mtambo unaozungusha chembe ndogo mno kwa nguvu ya sumaku ili kutengeneza dawa ya kupigia picha za saratani. Florini-18 iliyo katika dawa hiyo hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwekeki akiba. Mtambo ukilala, wagonjwa hungoja, na kila mtu hutaka uwashwe upesi.

Hapo ndipo penye hatari. Sumaku ya namna hii hupitisha mkondo mkubwa kwa volti chache. Mkondo ukikatika ghafla, nishati iliyomo hutafuta pa kutokea na volti hupanda mara moja. Mipako ya waya ikiwa imeingia unyevu kwa kukaa bila kazi, cheche hupenya. Ndiyo maana fundi makini hufunga swichi kuu kwa kufuli kwanza, akaondoa chaji iliyobaki kwenye kapasita kwa kuiunganisha na ardhi, kisha akapima mipako hiyo. Huhakikisha maji ya kupoza yanatiririka na kila kizuizi cha usalama kinafanya kazi. Mkondo nao hupandishwa kidogo kidogo, huku joto likifuatiliwa.

Hata mabingwa wa kazi hii wamepata hasara. Mnamo 19 Septemba 2008, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, mkondo ulikuwa ukipandishwa kwa majaribio katika LHC, mtambo mpya uliomo handakini ambao nao huzungusha chembe kwa nguvu ya sumaku. Kiungo kimoja kibovu kati ya sumaku mbili kiliyeyuka, cheche ikatoboa chombo cha heli ya baridi kali, na tani kadhaa zikamwagika handakini. Sumaku 53 zilitolewa ili zikarabatiwe au zibadilishwe. Chembe hazikuzunguka tena hadi 20 Novemba 2009. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa watu hawaruhusiwi handakini wakati sumaku zinatiwa umeme. Kanuni hiyo ndiyo iliyookoa maisha.

Kukatika kwa umeme kwenyewe hakuzuiliki kabisa. Aprili 2016, mnyama wa jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya CERN na kuisimamisha LHC. Tarehe 7 Juni mwaka huohuo, tumbili aliangukia transfoma ya kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikaingia gizani.

Kwa hiyo, hospitali zinazonunua mitambo hii zisiishie kwenye jenereta. Ziajiri mafundi wa kudumu, ziwalipe vizuri, na ziwape mamlaka ya kusema "bado" hata foleni ikiwa imefika mlangoni.