Daktari Safarini, Faili Hospitalini

Daktari bingwa akiwa mkutanoni Arusha, mgonjwa wake aliyelazwa Dar es Salaam aweza kuhitaji uamuzi wake usiku uleule. Majibu ya maabara yamo katika mtandao wa ndani wa hospitali; yeye anatumia intaneti ya hoteli. Mazoea yaliyoenea ni kumwomba muuguzi wa zamu ayapige picha majibu hayo na kumtumia kwa WhatsApp. Ujumbe huo hufichwa uwapo njiani, lakini picha hubaki katika simu mbili, ambazo pengine hata watoto wa nyumbani huzichezea.

Njia iliyo salama zaidi ni VPN, yaani mtandao binafsi unaopitishwa ndani ya intaneti ya umma. Programu iliyomo katika kompyuta ya msafiri huyafumba mawasiliano yote, yakafumbuliwa yanapofika hospitalini. Anayenyemelea waifai ya hoteli huambulia herufi zisizosomeka.

Hata hivyo, VPN hulinda njia, haimjui apitaye. Mwaka 2024 nchini Marekani, wavamizi waliingia katika mitambo ya Change Healthcare, kampuni inayochakata madai ya malipo ya hospitali na maduka ya dawa. Waliingia Februari 12 kwa nywila ya wizi, kupitia huduma ya kufikia kompyuta kwa mbali ambayo haikudai uthibitisho wa pili. Siku tisa baadaye waliyafunga mafaili. Maduka ya dawa yakakwama kuchakata bima, kikombozi cha dola milioni 22 kikalipwa, na taarifa za watu wapatao milioni 190 zikaathirika. Nywila moja!

Kwa hiyo mtumishi wa afya anayetarajia kusafiri na aende mapema kwa kitengo cha TEHAMA, aombe akaunti yake mwenyewe, inayofungua yale tu anayoyahitaji, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Namba ya uthibitisho inayoletwa kwa ujumbe mfupi humtupa msafiri aliye ng'ambo ikiwa laini yake haipatikani huko. Afadhali programu ya simu inayozalisha namba hizo hata pasipo mtandao, mradi saa ya simu iwe sahihi. Kisha ajaribu kuingia akiwa nyumbani, kwa intaneti ya simu. Jaribio lililofanywa ndani ya hospitali halithibitishi lolote, kwa kuwa tayari yumo ndani. Diski ya kompyuta mpakato nayo ifumbwe kabla ya safari, maana wezi wa stendi hawahitaji ujuzi wa mitandao.

Kwa hospitali za Tanzania kuna jambo la kisheria pia: Oktoba 2023 TCRA iliwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa za matumizi hayo, hivyo uongozi ulishughulikie suala hilo kabla ya kuwagawia watumishi programu.

Mgonjwa naye ana neno hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ni haki yake kuuliza majibu yake yanapelekwaje kwa daktari aliye mbali. Nasi tuliovaa makoti meupe tusiudhike tukiulizwa.

Kompyuta ikipotea safarini, simu ya kwanza ipigwe TEHAMA, usiku huohuo, ili akaunti ifungwe. Polisi wafuate baadaye.