Safari ya Chuo Si Matembezi

Mfanyakazi wa Dar es Salaam ambaye mwanawe anakitamani Chuo Kikuu cha Dodoma yampasa aombe ruhusa kazini mapema, kwani Jumamosi ofisi za chuo hufungwa, na nauli ya watu wawili si fedha ya kuchezea. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hufika kwa muda wa saa nne hivi. Lakini chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 2007, hakiko katikati ya mji: ndaki zake zimetawanyika vilimani. Basi laleni huko usiku mmoja. Na mbele ya karani, ndugu mzazi, nyamaza. Kijana aulize mwenyewe habari za ada na bweni. Wako wazazi (twawajua) wasemao kila neno, mtoto akarudi nyumbani hajui hata njia ya maktaba.