Dark Star: kutoka dakika tatu hadi 48

Aprili 1968 kampuni ya Warner Bros. ilitoa santuri ndogo ya Grateful Dead, bendi ya rock ya San Francisco, Marekani. Upande wa kwanza ulikuwa na wimbo uitwao "Dark Star". Haufiki hata dakika tatu. Beti mbili zinaimbwa mbio mbio, gitaa la Jerry Garcia linapita katikati, na mwishoni kabisa inasikika banjo pamoja na sauti ya mtunzi wa maneno, Robert Hunter, akizungumza maneno ambayo si rahisi kuyakamata. Santuri ilidoda madukani, na kwa hesabu za biashara wimbo huo ulikuwa umekwisha.

Februari 27, 1969, bendi ile ile iliupiga wimbo ule ule katika ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, ukachukua dakika 23. Mei 1972, huko Rotterdam, Uholanzi, ukafika dakika 48 hivi. Katika muda wote huo Hunter hakuongeza hata neno moja. Tena maneno yalipungua, kwa sababu kufikia 1972 ubeti wa pili ulikuwa hauimbwi mara nyingi. Kilichokua ni ile sehemu isiyo na maneno, ambayo wapenzi wa dansi kwetu wangeiita sebene, na kukua kwake kunaweza kufuatiliwa usiku kwa usiku kwa sababu maonyesho mengi yalirekodiwa. Ndiyo maana nauchukulia wimbo huu kuwa mfano bora wa kueleza jinsi muziki wa kubuni papo kwa papo unavyobadilika. Watu hudhani wanamuziki wa namna hii hupanda jukwaani na kupiga lolote linalowajia. Rekodi zinaonyesha kazi nyingine kabisa.

Tuanze na mifupa ya wimbo. Kuna kipande kifupi cha utangulizi ambacho gitaa la solo na besi hukipiga pamoja, na kikisikika tu ukumbi mzima unajua kinachokuja. Kisha kuna beti na maneno machache yanayofuata kila ubeti. Basi. Vingine vyote viko wazi. Wimbo umekaa kwenye A, lakini skeli yake, yaani ngazi ya noti zake, si ile ya kawaida ya A meja: noti ya saba imeshushwa nusu hatua, kutoka G-shapu hadi G. Wanamuziki huiita skeli hiyo miksolidia. Ni badiliko dogo lenye matokeo makubwa. Katika A meja ile G-shapu imekaa jirani kabisa na A na inaivuta, hivyo sikio likiisikia hujua kwamba sentensi ya muziki inakaribia nukta. Ukiishusha, mvuto unalegea. Bendi inaweza kwenda na kurudi kati ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya A na kodi ya G kwa robo saa bila msikilizaji kuhisi kwamba wimbo umechelewa kufika mahali fulani. Nyimbo nyingi za rock ukizirefusha hivyo zinachosha upesi, maana kodi zake zinadai kumalizika.

Lipo pia suala la jinsi wimbo ulivyozaliwa. Septemba 1967 bendi ilikuwa ikifanya mazoezi Rio Nido, kaskazini mwa San Francisco, na Hunter, aliyekuwa amewasili siku hizo kufanya kazi nao, alisikia muziki ukipigwa ndani akaanza kuuandikia ubeti wa kwanza. Muziki ulitangulia, maneno yakaukuta njiani. Nadhani hilo lilisaidia sana. Hakuna kisa katika "Dark Star" kinachohitaji kusimuliwa hadi mwisho, kwa hiyo mwimbaji anaweza kuingia dakika ya pili au ya ishirini na hakuna kitakachoharibika.

Anayehitaji kusikilizwa kwa makini zaidi ni mpiga besi, Phil Lesh. Alikuwa mpiga tarumbeta aliyewahi kusoma utunzi kwa Mwitaliano Luciano Berio katika chuo cha Mills, Oakland, na alipojiunga na bendi mwaka 1965 hakuwa amewahi kupiga gitaa la besi. Hakuja na mazoea ya kukaa kwenye noti ya chini na kuwalindia wenzake mlango. Besi yake inajibu, inauliza, inapanda juu hadi inakutana na gitaa la solo. Bob Weir, mpiga gitaa wa pili, naye hakupenda kuchapa kodi nzima nzima kama wafanyavyo wengi. Alitoa vipande, noti mbili au tatu, akijaza pale Garcia na Lesh walipoacha nafasi. Wote walikuwa wamemsikiliza sana John Coltrane, wakaona jinsi kundi lake la jazi lilivyoweza kukaa juu ya kodi moja kwa muda mrefu na bado likawa linasonga. Hiyo ndiyo shule waliyoileta kwenye rock.

Rekodi ya Februari 1969 ilitoka Novemba mwaka huo katika albamu ya "Live/Dead", na hapo ndipo watu wengi walipoufahamu wimbo huu. Ukiisikiliza utaona kwamba hakuna haraka. Zinapita dakika sita hivi kabla Garcia hajafungua mdomo. Bendi ina wapiga dramu wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, lakini kwa muda mrefu huwezi kuamini kwamba wapo wawili: kuna mkwaruzo mwepesi, kuna sahani zinaguswa, hakuna anayepiga mdundo wa kuwaburuza wenzake. Tom Constanten yuko kwenye kinanda. Ubeti wa kwanza ukiisha, muziki unaanguka hadi karibu na kimya, upatu unanguruma kwa mbali, halafu gitaa linaanza kupanda tena taratibu. Sikiliza Garcia anaporudia kifungu kimoja mara mbili tatu. Anawangoja wenzake wakishike. Wakishakishika, anakiacha na kwenda kwingine, na sasa wote wamo safarini.

Lakini tuwe wakweli kuhusu mwaka 1969. Ukichukua rekodi kadhaa za miezi ile na kuziweka pamoja, utagundua kwamba zinafanana kuliko unavyotarajia. Kuna kifungu cha noti zinazoparurwa moja moja kwa mzunguko, ambacho mashabiki wamekipa jina la Sputnik. Kuna kingine, cha juu na chenye kung'aa, ambacho huja karibu na kilele, nacho huitwa Bright Star. Hivi havikuandikwa na mtu. Vilizaliwa jukwaani, vikapendeza, vikarudiwa, na baada ya miezi vikawa vituo ambavyo bendi ilitarajia kuvipitia. Kubuni kwenyewe kukawa kumezaa utunzi. Mtu angeweza kusimama hapo, akawa na kipande kizuri cha dakika 20 cha kupiga kila usiku hadi azeeke. Bendi nyingi zingefanya hivyo, na nisingezilaumu.

Wao walianza kuvibomoa vituo hivyo. Mwaka 1970 muda wa kimya na kelele zisizo na mdundo uliongezeka, na melodia ngeni zikaanza kupenyezwa katikati ya wimbo. Halafu watu wakaondoka. Constanten aliiacha bendi mwanzoni mwa mwaka huo. Februari 18, 1971, katika ukumbi wa Capitol mjini Port Chester, jimbo la New York, walianza "Dark Star" na baada ya ubeti wa kwanza wakatokea kwenye wimbo mpya kabisa, "Wharf Rat", ambao ndio kwanza unapigwa mbele ya watu. Ulipokwisha wakarudi walikotoka. Kuanzia hapo "Dark Star" ikawa pia mlango wa kuingilia kwenye nyimbo nyingine. Usiku huo ndio uliokuwa wa mwisho kwa Mickey Hart kwa zaidi ya miaka mitatu.

Kuondoka kwa Hart kulibadilisha wimbo kuliko uamuzi wowote wa kimuziki. Wapiga dramu wawili lazima wakubaliane kabla ya kugeuza mwelekeo, na kukubaliana kunachukua muda. Kreutzmann akiwa peke yake aliweza kugeuka pale pale, katikati ya pigo, akimfuata Lesh au akimkimbia. Oktoba 1971 akaja Keith Godchaux na piano, chombo ambacho sauti yake hugonga na kufa upesi, hivyo kinaacha hewa kati ya noti kuliko kinanda cha umeme kinachoshikilia sauti. Bendi ikawa nyepesi. Kwa maoni yangu, matoleo ya 1972 ndiyo kilele cha wimbo huu, hata kama "Live/Dead" ndiyo inayotajwa na kila mtu.

Mfano wangu ni Agosti 27, 1972, Veneta, jimbo la Oregon. Yalikuwa maonyesho ya kuchangia kiwanda kidogo cha maziwa cha familia ya mwandishi Ken Kesey, na tiketi zilichapwa kwenye lebo za mtindi wa kiwanda hicho. Joto lilipita nyuzi 37, na jua liliwapiga wanamuziki usoni hadi nyuzi za magitaa zikawa zinalegea. "Dark Star" ilikuja jioni, jua likianza kushuka, ikachukua dakika 31 hivi. Hakuna Sputnik ya kutegemea hapa. Kabla ya ubeti ni jazi ya kasi, piano na besi zikifukuzana. Baada ya ubeti mdundo unavunjika na kila mmoja anabaki na chombo chake bila kitu cha kushikilia, hadi Garcia anakanyaga wah-wah, pedali inayoyumbisha sauti ya gitaa, na kumwaga noti kwa kasi isiyohesabika, mtindo ambao wakusanyaji wa kanda wanauita Tiger. Ni sehemu ngumu kusikiliza. Mtu akiniambia inamchosha namwelewa. Kisha, kutoka ndani ya vurugu ile, linaanza kusikika pigo la nyimbo za wachunga ng'ombe, na Weir anaimba "El Paso" ya Marty Robbins, kisa cha mapenzi na bastola ambacho wengi wao walikijua tangu ujana. Kwa nusu saa hakukuwa na ardhi. Sasa ipo, na uwanja mzima unaitambua kwa pamoja. Furaha ya wakati ule isingepatikana kama "El Paso" ingepigwa peke yake.

Baada ya Oktoba 1974 bendi ilipumzika, na iliporudi Hart alikuwa amerejea na mdundo ukawa mzito tena. "Dark Star" ikatoweka. Maelezo yangu ni kwamba uhuru wenyewe ulipewa kiti chake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kila onyesho lilikuwa na muda maalumu wa ngoma za wapiga dramu wawili, ukifuatwa na kipindi cha sauti huru kilichoitwa Space. Yale mambo ya hatari ambayo zamani yaliweza kuzuka popote ndani ya "Dark Star" sasa yalikuwa na saa yake, na mashabiki walijua ni wakati gani wa kwenda kununua soda. Kwa wimbo uliokuwa ukiishi kwa kutojulikana utaelekea wapi, hilo lilikuwa pigo.

Hadhira haikusahau. Desemba 31, 1978, ukumbi wa Winterland wa San Francisco ulipokuwa ukifungwa kwa mara ya mwisho, mashabiki walitundika bango lililohesabu siku 1,535 tangu "Dark Star" ipigwe mjini humo. Iliwezekana kujua hesabu hiyo kwa sababu mashabiki waliweka kumbukumbu na kubadilishana kanda kwa posta, na bendi iliwaruhusu. Kuanzia Oktoba 1984 wenye kurekodi walitengewa hata eneo lao rasmi ukumbini. Usiku ule wa Winterland wimbo ulipigwa. Baada ya hapo ulionekana mara chache mno, kisha miaka mitano ikapita bila kusikika, hadi Oktoba 9, 1989, huko Hampton, Virginia, ulipoanza ghafla na kelele za watu zikafunika utangulizi. Safari hii magitaa yalikuwa yameunganishwa na vifaa vya kielektroniki, Garcia akawa anapiga gitaa inatoka sauti ya filimbi au tarumbeta. Machi 29, 1990, katika ukumbi wa Nassau, New York, mpiga saksafoni Branford Marsalis alipanda jukwaani nao, akaingia kwenye wimbo huu kama mtu aliyelelewa ndani yake. Aliweza kwa sababu ile ile tuliyoanza nayo: kuna kodi mbili, kuna skeli iliyolegezwa, na kuna watu wanaosikiliza.

Mara ya mwisho bendi kuupiga wimbo huu ilikuwa Atlanta, Machi 30, 1994. Garcia alifariki Agosti 9 mwaka uliofuata. Miaka hiyo hiyo Mkanada John Oswald alipewa kanda za bendi, akachukua zaidi ya maonyesho 100 ya "Dark Star" na kuyapandanisha juu ya mengine katika kazi iitwayo "Grayfolded", Garcia wa ujanani akiimba pamoja na Garcia wa uzeeni. Ni kazi ya ajabu, ila si ya kuanzia. Anayetaka kuusikia wimbo ukikua aanze na ile santuri ya 1968, asikilize "Live/Dead" mara mbili, ya pili akifuata besi peke yake, kisha ndiyo aende Veneta. Na akifika sehemu ya kelele, avumilie hadi "El Paso".