Moja Kutwa Mara Tatu

"Binti, dawa naziona hapo nyuma yako. Sasa unasoma nini?"

Mzee alikuwa ameegemea dirisha la famasi, goti linamuuma, foleni nyuma yake inaguna. Kwake, kama kwa wengi, kazi yangu ni kuteremsha boksi, kuhesabu vidonge na kuandika 1x3 kwenye bahasha. Muuza duka mwenye koti jeupe.

"Shikamoo, mzee. Nyumbani kuna dawa nyingine unatumia?"

Akafungua fundo la leso. Mlikuwa na vidonge vyake vya presha, na vya maumivu alivyonunua juzi duka jingine. Jina la boksi halikufanana na la kwenye cheti cha daktari, lakini dawa ilikuwa ileile: diklofenaki. Angemeza zote, dozi ingezidi maradufu. Tumbo lingeweza kupata vidonda, presha ikapanda, figo zikaumia. Nikampigia daktari, akabadilisha.

Hicho ndicho nilichokuwa nasoma. Miaka 4 ya chuo na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kabla Baraza la Famasi halijanisajili, haikuwa ya kujifunza kuhesabu vidonge. Tulifundishwa dawa inavyoingia mwilini, inavyotoka, na inagombana na nini.

Sehemu ngumu zaidi, hata hivyo, ni maneno. Dawa mseto ya malaria, ALU, mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6, jumla 24 kwa siku 3. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza. Nikisema hivyo harakaharaka, mgonjwa anasikia "saa nane mchana". Kwa hiyo namuuliza ameanza saa ngapi, tunahesabu pamoja kwa vidole. Namkumbusha pia ale kwanza chakula chenye mafuta kidogo, au anywe maziwa, kwani tumbo tupu huipokea dawa hii kwa shida.

Hata "kutwa mara tatu" ina mtego. Kutwa huishia jua linapozama, ilhali antibiotiki ya namna hiyo hutaka dozi zipishane kwa takriban saa nane, usiku ukiwemo. Bahasha haisemi hayo. Anayesema ni mtu wa dirishani, akiulizwa, na hata asipoulizwa.

Mwezi uliofuata mzee alirudi, leso mbili mkononi.

"Hii yangu, hii ya mama yenu," akasema, akivuta kiti. "Soma taratibu."