Kutoka Kuuza Bidhaa hadi Kuuza Utulivu

Richard Pierson alikuwa mtu wa matangazo ya biashara jijini London. Kazi hiyo humtaka mtu aamshe kwa watu hamu ya kitu ambacho jana hawakukikumbuka, na aifanye leo, kesho na keshokutwa bila kuishiwa maneno. Pierson aliishiwa nguvu kabla ya maneno. Alipozidiwa na wasiwasi na uchovu alielekezwa kwa Andy Puddicombe, Mwingereza aliyekatiza masomo ya chuo kikuu, akaenda Asia na kuishi miaka kadhaa kama mtawa wa Kibudha, kisha akavua joho na kurudi nyumbani kufundisha taamuli.

Wawili hao walibadilishana ujuzi: mmoja alifundisha kutulia, mwingine akafundisha namna ya kuwafikia watu. Mwaka 2010 wakaanzisha Headspace. Haikuwa programu ya simu hapo mwanzo. Ilikuwa mikutano ya ukumbini, watu wakikaa pamoja na kufundishwa. Wahudhuriaji wakaomba kitu cha kwenda nacho nyumbani, zikaja rekodi za sauti, na mwaka 2012 ikaja programu yenyewe.

Taamuli katika huduma za afya ilikuwa imetangulia mbali. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa ambao dawa hazikuwa zimewaondolea maumivu sugu. Mafunzo yake huchukua wiki 8, pamoja na mazoezi marefu ya nyumbani kila siku. Mgonjwa mwenye nia huyaweza. Mfanyakazi anayeamka alfajiri kuwahi basi huahirisha mpaka mwezi ujao. Mtu wa masoko aliliona pengo hilo upesi kuliko tabibu. Ubani na maneno ya kidini viliondolewa, zikawekwa katuni za kuchekesha kidogo, somo likapunguzwa hadi dakika 10, na masomo 10 ya mwanzo yakatolewa bure. Muuza maembe yeyote sokoni anaijua njia hiyo: mteja huonjeshwa kipande kwanza. Si aibu kwa afya kuazima maarifa ya sokoni; mabango mengi ya chanjo yangesomwa zaidi kama yangeandikwa na watu wa aina ya Pierson.

Hata hivyo, sokoni sifa ya bidhaa hukua kila inapotajwa, nayo dawa hupaswa kusifiwa kwa kiasi cha ushahidi wake. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515. Taamuli ilionekana kupunguza kwa kiasi wasiwasi, dalili za sonona na maumivu. Kuhusu usingizi na uzito wa mwili, ushahidi ulikuwa hafifu au haukuwapo. Wala haikuonekana kuzishinda tiba nyingine, kama vile dawa au mazoezi ya viungo. Kwa hiyo mgonjwa wa sonona anayemwambia muuguzi kwamba ameacha vidonge kwa sababu amepata programu ya utulivu hapaswi kupongezwa wala kukemewa. Aulizwe ameacha lini, anajisikiaje, kama amewahi kufikiria kujidhuru, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Taamuli anaweza kuendelea nayo kando ya matibabu.

Lipo pia swali la chanzo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu mkuu wa kazi si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kuhisi kwamba utendaji umeshuka. Ikiwa chanzo ni kazi, basi dakika 10 za kuvuta pumzi humsaidia mtu kustahimili zamu, lakini hazimwongezei mwenzake wa kushika zamu hiyo. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipopamba moto, Headspace iliwafungulia bure wafanyakazi wa afya wa Uingereza na Marekani. Ilikuwa zawadi njema, hasa kwa muuguzi anayetoka wodini saa nane za usiku asipate usingizi. Hesabu ya wauguzi wodini ilibaki kuwa kazi ya waajiri wake.

Mwaka uliofuata Headspace iliungana na Ginger, kampuni ya Marekani yenye washauri, wataalamu wa tiba ya kisaikolojia na madaktari wa magonjwa ya akili, ambao mteja huwafikia kwa simu. Biashara iliyoanza kwa kumfunza mtu wa matangazo namna ya kukaa kimya ilikuwa sasa na mahali pa kumpeleka yule ambaye kukaa kimya hakumtoshi.