Je, Wajua? Jiwe la rangi ya asali lililo nyuma ya cheche ya kiberiti chako

Ingia duka lolote la Kisugu, Kampala, jioni. Kando ya sukari ya robo kilo na sabuni ya kipande utaona kopo la viberiti vya gesi. Chukua kimoja, zungusha gurudumu. Cheche iliyoruka imetoka kwenye kijiwe cha kijivu, kifupi kuliko punje ya mchele. Tukifuate kijiwe hicho tuone kwao ni wapi.

MWANGA NA SAUTI

1. Je, wajua kwamba kijiwe hicho hakikuokotwa mtoni? Ni mchanganyiko wa metali: seriamu, lanthanamu na ndugu zao, pamoja na chuma. Carl Auer von Welsbach wa Austria aliusajili uvumbuzi huo mwaka 1903. Gurudumu hukwangua vumbi jembamba, na vumbi hilo likigusana na hewa huwaka lenyewe.

2. Je, wajua kwamba kifuko cha karabai nacho ni kazi ya Auer huyohuyo? Kifuko hicho cheupe kililowekwa katika chumvi za thoriamu na seriamu. Ukikiwasha mara ya kwanza, uzi huungua na kubaki kiunzi cha majivu, na majivu hayo ndiyo yanayong'aa. Thoriamu ilikuwa asilimia 99 na seriamu asilimia 1 tu, lakini pasipo ile moja mwanga ulikuwa hafifu. Kwa mwanga wa namna hiyo wavuvi wa Ziwa Viktoria walivuta mukene, yaani dagaa, usiku usio na mwezi.

3. Je, wajua kwamba karabai zikiondoka seriamu inabaki? Balbu nyingi nyeupe za LED huanza na mwanga wa bluu. Juu yake kuna utando wa manjano uliotiwa seriamu kidogo. Utando hugeuza sehemu ya bluu kuwa manjano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho huona nyeupe. Ukiitazama balbu kubwa ya aina hiyo ikiwa imezimwa, utaona vidoa vya manjano.

4. Je, wajua kwamba spika ya simu yako inavuta pini? Jaribu kwenye tundu unaloweka sikioni. Ndani yake kuna sumaku ndogo yenye nguvu, mara nyingi ya neodimiamu, ndugu wa seriamu.

JIWE LENYEWE

5. Je, wajua kwamba chanzo kikuu kimojawapo cha metali hizi duniani ni jiwe liitwalo bastnasiti? Ni kaboneti, kwa maana kwamba ndani yake metali imefungamana na kaboni na oksijeni, kisha ikaongezewa florini. Kemia huiandika CeCO₃F. Ukipata kilo moja ya bastnasiti safi, robo tatu yake ni oksidi za metali hizo.

6. Je, wajua kwamba jina lake ni la mgodi? Bastnäs uko Uswidi. Wilhelm Hisinger alilieleza jiwe hilo mwaka 1838, na Mfaransa Huot akalipa jina mwaka 1841. Seriamu yenyewe ilikuwa imekwisha kutambuliwa mwaka 1803 katika jiwe jingine la mgodi huohuo. Ilipewa jina la Ceres, gimba la angani lililogunduliwa mwaka 1801.

7. Je, wajua kwamba linafanana na mzinga mara mbili? Rangi yake huwa ya asali, kuanzia manjano hadi hudhurungi nyekundu, na fuwele zake zina pande sita kama vyumba vya nyuki. Mng'ao wake ni wa kioo, wakati mwingine kama kioo kilichopakwa mafuta.

8. Je, wajua kwamba kisu cha jikoni kinalikwaruza? Ugumu wake ni kati ya 4 na 5 katika kipimo cha Mohs. Ukucha haufui dafu, lakini chuma cha pua kinaacha mchoro. Kwazi (quartz) ina ugumu wa 7, hivyo jiwe la manjano linalokwaruza kisu chako si bastnasiti.

9. Je, wajua kwamba mkono wako ni mizani nzuri? Msongamano wa bastnasiti ni karibu 5, na wa kwazi ni 2.65. Shika mawe mawili yanayolingana kwa ukubwa, moja kila mkono: la bastnasiti litakuwa karibu mara mbili ya uzito wa lile la kwazi.

10. Je, wajua kwamba tindikali inaweza kukupotosha? Jiwe la chokaa hutoa povu mara tu linapodondoshewa tindikali baridi iliyozimuliwa. Bastnasiti ni kaboneti pia, lakini ni nzito kujibu. Huhitaji tindikali kali yenye moto. Ndiyo maana jibu la mwisho hutoka maabara.

UKOO NA MAJINA

11. Je, wajua kwamba bastnasiti ni ndugu wa chokaa na magadi? Katika mpangilio wa Strunz, unaotumiwa na wataalamu wengi wa madini, kaboneti zote zimo katika kundi la 5.

12. Je, wajua kwamba jina la jiwe lina mkia? Bastnasiti-(Ce) ina seriamu kwa wingi, bastnasiti-(La) ina lanthanamu, na bastnasiti-(Y) ina itriamu. Kanuni hiyo ni ya Levinson, tangu 1966. Mkia huo unagusa mfuko, kwa sababu bei ya seriamu na bei ya neodimiamu ni mbingu na ardhi.

13. Je, wajua kwamba unaweza kuuelewa ukoo huu kwa rolex ya Kampala, ile chapati yenye yai? Chukulia chapati ni tabaka la bastnasiti, na yai ni tabaka la chokaa. Chapati mbili kwa yai moja ni parisiti. Chapati moja kwa yai moja ni sinkisiti. Chapati tatu kwa mayai mawili ni rontgeniti. Jina la sinkisiti limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchanganya, kwa kuwa mwanzoni watu waliidhani ni parisiti.

14. Je, wajua kwamba "madini adimu" si adimu sana? Ndilo jina la ukoo mzima wa metali hizi: ni elementi 17, na seriamu iko katika gamba la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Kinachopatikana kwa nadra ni mahali zilipokusanyika pamoja, na kazi ngumu ni kuzitenganisha.

15. Je, wajua kwamba Mwalimu ana jiwe lake? Mlima Ol Doinyo Lengai, Tanzania, ndio volkano hai pekee duniani inayotapika lava ya magadi. Hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu. Kaboneti moja ya lava hiyo inaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere. Miamba ya kaboneti iliyotokana na volkano za kale, iitwayo kabonatiti, ndiyo nyumba kuu ya bastnasiti.

KWETU

16. Je, wajua kwamba Uganda ina miamba hiyo? Mwamba wa Tororo, unaouona ukielekea Malaba, ni kabonatiti. Saruji ya Tororo ilianza miaka ya 1950 kwa mawe ya hapo. Jirani yake, Sukulu, ina fosfati, chuma, niobiamu na elementi adimu.

17. Je, wajua kwamba Gakara, kusini mwa Bujumbura, ina mishipa ya bastnasiti na monaziti ambayo ni miongoni mwa mikwasi zaidi duniani? Katika mawe bora, nusu ya uzito ni oksidi za metali hizi. Ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, ikasimama, ikafufuliwa 2017. Mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha kazi, ikisema nchi haipati haki yake katika mauzo.

18. Je, wajua kwamba Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, ni hazina kubwa ya bastnasiti? Leseni ya uchimbaji ilitolewa 2023, na serikali ikachukua hisa za asilimia 16. Wigu Hill, mkoani Morogoro, nako bastnasiti ipo.

19. Je, wajua kwamba Makuutu, Busoga, ni habari nyingine? Huko elementi adimu zimeng'ang'ania udongo wa mfinyanzi, kiasi cha gramu 640 hivi kwa tani. Ni kidogo mno ukilinganisha na Gakara, lakini udongo huoshwa kwa maji ya chumvi badala ya kusagwa kama mwamba, na una elementi nzito zinazotafutwa sana. Leseni ilitolewa 2024. Usidhani kila udongo mwekundu una utajiri huo. Wekundu wa vilima vya Kisugu ni chuma kilichoshika kutu.

20. Je, wajua kwamba kazi hii ina madhara yake? Madini haya mara nyingi huambatana na thoriamu, yenye mnururisho. Mwaka 1949 hazina ya Mountain Pass, California, iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta uraniamu kwa kipima mnururisho. Mgodi wa namna hii ukiacha taka na tindikali bila ulinzi, maji ya kisima cha jirani ndiyo yanayoumia kwanza.

KABLA HUJAUZA

21. Je, wajua kwamba mnunuzi makini haulizi kilo tu? Huuliza asilimia ya oksidi, kisha mgawanyo wake: seriamu kiasi gani, neodimiamu kiasi gani. Asiyeyajua hayo mawili hana neno katika mapatano ya bei, awe mchimbaji au serikali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ndugu yako wa kijijini akikuletea jiwe zito la rangi ya asali, usikubali aliache kwa dalali wa kwanza. Idara ya Jiolojia na Madini iko Entebbe, safari ya asubuhi moja kutoka Kisugu. Lipelekeni huko, mpate jina lake kamili pamoja na mkia wake, na muulize leseni inayohitajika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la jiwe ni karatasi ya maabara.