Bosi, swali lako lina mtego

Msimu wa mahindi, foleni ya magunia ikiwa ndefu, mashine ya kusaga ikizimika ghafla Majengo, hapa Songea, mwenye mali akifika swali lake la kwanza huwa moja: "Nani kaharibu?" Vijana wanatazamana. Yule aliyesikia beringi ikilia tangu asubuhi ananyamaza, maana atakayefungua mdomo ndiye atakayekatwa mshahara.

Swali hilo linamtafuta mtu, chanzo kinaachwa. Angeuliza, "Ilianza kulia saa ngapi? Mlikuwa mnasaga au mnakoboa?" fundi angepata pa kuanzia, na siku nyingine kijana angesema mapema.

Jingine ni lile la mwisho wa kikao: "Mmeelewa?" Nani atajibu hapana mbele ya wenzake? "Tumeelewa, bosi," kisha kila mtu anakwenda kufanya anavyojua. Afadhali bosi amgeukie mmoja: "Dada, kesho asubuhi utaanza na lipi?" Mara nyingi hapo ndipo bosi hugundua kwamba maelekezo yake mwenyewe yalikuwa na mapengo. Na lile la "Kuna tatizo lolote?" libaki kwa faragha, watu wazima hawamwagi shida zao hadharani.

Mkoa wetu wa Ruvuma ungepaswa kuwa mwalimu wa jambo hili la kuulizana na kusikilizana. Miaka ya 1960, wanavijiji wa Litowa na wenzao wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma walikaa mikutanoni wakapanga kazi zao wenyewe, hadi TANU ilipokivunja chama hicho Septemba 1969. La kushangaza, haukupita muda Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ukaagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakemea viongozi wenye majivuno na dharau. Mabaraza tunayo hadi leo. Lakini baraza ambalo wajumbe wanasomewa taarifa, wanapiga makofi na kusaini posho halijamuuliza mtu kitu.

Basi meneja unayesoma haya, Jumatatu uliza swali moja ambalo jibu lake hulijui, kisha nyamaza mpaka ujibiwe, hata kimya kikikuchoma. Ukiletewa habari mbaya, usimkaripie aliyeileta; wenzake wote wanakutazama.